Jenereta na sola nyumbani: matatizo yanayojirudia na jinsi ya kuyatatua

Mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 hadi mwanzoni mwa 2024, kabla mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere haujaanza kuzalisha Februari 2024, uliwasukuma watu wengi kufunga sola yenye betri nyumbani. Wengi wao tayari walikuwa na jenereta ndogo ya petroli, na hawakuiuza. Walifanya vyema. Masika yakikolea, mawingu yakatanda siku nne mfululizo na TANESCO ikakatika siku hizohizo, saa mbili tatu za jenereta zinaokoa friji na pampu ya maji.

Shida huanza vitu hivi viwili vinapounganishwa. Malalamiko ni yaleyale kila mahali: inverta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa umeme wa nyumbani) haiioni jenereta, jenereta inakoroma kisha inazima, petroli imeisha na betri haijapanda, taa zinachezacheza. Wengine hufikia hatua ya kununua jenereta kubwa zaidi au kubadilisha inverta, wakati vifaa vyote viwili ni vizima. Chanzo mara nyingi ni kimoja: inverta ilipangwa siku ya kufungwa ikitegemea umeme wa TANESCO, ambao ukiuvuta kilowati tatu hautikisiki. Jenereta ya kubeba ukiivuta hivyo inapiga magoti. Inverta haijui tofauti. Usipoiambia, itavuta kadiri ilivyoruhusiwa kuvuta.

Maelezo haya ni kwa mfumo wenye betri na inverta iliyo na mlango wa kuingizia umeme wa nje, ule ulioandikwa AC IN, GRID au GEN, kwenye umeme wa nyumbani wa njia moja, yaani volti 230 na hezi 50. Kama nyumba yako ni ya njia tatu, soma upate picha, lakini kazi mwachie fundi.

Mambo ya kuzingatia kabla ya kuanza

Moshi wa jenereta una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na inaua watu wakiwa usingizini. Jenereta ikae nje, mita sita au zaidi kutoka kwenye milango na madirisha, ekzosi ikielekea mbali na nyumba yako na ya jirani. Kibarazani, stoo, gereji hata ikiwa wazi, chini ya ngazi za ghorofa: kote huko hapana, hata mvua ikinyesha. Mtu akianza kuumwa kichwa, kuona kizunguzungu au kusikia kichefuchefu wakati jenereta inawaka, tokeni wote nje kwenye hewa safi kwanza, na mgonjwa apelekwe hospitali hata akisema amepata nafuu.

La pili ni ule waya wenye plagi ya kiume pande zote mbili, unaochomekwa kwenye soketi ya ukutani ili "kulisha nyumba". Usiutumie. Upande mmoja ukichomoka, pini zenye umeme zimebaki mkononi mwako. Main switch ikiwa haijazimwa, umeme unarudi hadi kwenye transfoma ya mtaani na kupandishwa kuwa maelfu ya volti, wakati fundi wa shirika yuko juu ya nguzo akiamini laini imekufa. Na kwenye nyumba yenye sola kuna hasara nyingine: umeme wa jenereta unakutana ana kwa ana na umeme unaotoka kwenye inverta, na inverta inaweza kuungua papo hapo. Jenereta huingia kwa mlango wa kuingilia tu. Haiingii AC OUT wala kwenye soketi yoyote inayolishwa na inverta.

La tatu, usifungue kava la inverta. Kapasita za ndani hubaki na chaji hata baada ya kuzima kila kitu.

Kifaa utakachohitaji ni multimita inayosoma volti na hezi. Bila hiyo utabaki unakisia.

Jenereta inawaka, inverta haiioni

Hili ndilo linaloulizwa zaidi kuliko yote. Taa ya umeme wa nje haiwaki, au inapepesa tu bila kutulia, na nyumba inaendelea kula betri.

Anza na subira. Inverta nyingi huuangalia umeme unaoingia kwa muda kabla ya kuupokea. Washa jenereta, iache ipate moto dakika mbili au tatu bila mzigo wowote, ndipo uiunganishe. Usiiwashe ikiwa tayari imefungwa mzigo.

Kama bado, angalia breka zote njiani: ya kwenye jenereta, ya kwenye chenjiova (swichi ya kuchagua TANESCO au jenereta), na ya kwenye inverta yenyewe. Inverta nyingi za kutundika ukutani za kVA 3 hadi 5 zina kibreka kidogo upande wa chini, karibu na feni, na kikiruka huchomoza nje kidogo. Skrini ikionyesha volti za kuingia ni 0 wakati jenereta inanguruma, kwa kawaida ni hicho, au waya umelegea, au chenjiova imeachwa upande wa TANESCO. Kibonyeze kirudi. Kikiruka tena, usikibonyeze mara ya pili. Kuna shoti au mzigo umezidi.

Kama volti zinaonekana lakini inverta inazikataa, angalia mpangilio wa upana wa volti. Kwenye inverta za familia ya Voltronic na nyingi zinazofanana nazo, ni programu namba 03, yenye chaguo mbili: UPS, inayokubali volti 170 hadi 280, na APL, inayokubali 90 hadi 280. Kwa jenereta weka APL. Elewa gharama yake lakini: volti zikishuka sana, zinapita hadi kwenye vifaa vyako. Friji na kompyuta hazipendi volti 150. Kwa hiyo APL ni ya kuifanya inverta isiwe na wasiwasi kwa kila mtikisiko, siyo ruhusa ya kutumia jenereta mbovu.

Kisha pima hezi. Jenereta ya kawaida isiyo na mzigo huzunguka kasi kidogo zaidi, ikatoa hezi 51 hadi 53, halafu mzigo ukiingia inashuka kuelekea 50. Hiyo ni sawa. Ikisoma 55 au zaidi bila mzigo, au 46 ikiwa na mzigo, mdhibiti wa kasi hajakaa vizuri. Inverta za nje ya gridi huvumilia sana hapo. Zile zinazoweza kurudisha umeme kwa shirika huwa na masharti makali zaidi kwenye mlango wa GRID, na ndiyo maana zina mlango wa GEN wenye mpangilio wake. Ikiwa inverta yako ina GEN na jenereta imeunganishwa GRID, huenda hapo ndipo tatizo lilipo. Skrubu ya kasi iachie fundi wa jenereta mwenye kipimo mkononi: ukiongeza kasi, volti nazo zinapanda, na kwenye vijenereta visivyo na kidhibiti volti zinaweza kupita 260 ukiwa umezingatia hezi tu.

Sababu ya mwisho, na ya nadra, ni umeme mchafu. Multimita inasoma 230 na 50, kila kitu kinaonekana sawa, lakini mawimbi ya umeme yamekatikakatika kiasi kwamba inverta haiyaamini. Hutokea zaidi kwa vijenereta vidogo vya bei ya chini, hasa vile vya mchanganyiko wa petroli na oili. Hakuna mpangilio unaotibu hilo. Jenereta zenye inverta ndani, zile za kimya za kufungwa kama sanduku, ndizo zinazokaa vizuri zaidi na mifumo ya sola, ingawa bei yake ni kubwa.

Inaipokea, jenereta inakoroma, kisha inaachia

Unasikia "tak" kwenye inverta, sauti ya jenereta inazama, taa zinafifia, halafu "tak" tena na jenereta inaruka juu kwa kasi kwa sababu mzigo umeondoka ghafla. Sekunde chache baadaye inarudia. Ukiiacha hivyo jioni nzima unaua relei za inverta na kidhibiti volti cha jenereta kwa pamoja. Izime, ndipo utafute sababu.

Sababu ya kwanza, na iliyozidi nyingine zote kwa mbali, ni chaji kubwa kuliko uwezo. Tufanye hesabu, maana watu wengi hawajawahi kuifanya.

Chukua betri ya lithiamu ya volti 48 na inverta iliyopangwa kuchaji ampea 60 kutoka umeme wa nje. Wakati wa kuchaji betri inakaa karibu volti 53. Zidisha: 53 mara 60 ni wati 3,180 zinazoingia kwenye betri. Inverta inapoteza karibu sehemu moja kwa kumi njiani, kwa hiyo inavuta karibu wati 3,500. Na wakati huohuo, inverta ikishapokea umeme wa nje, aghalabu nyumba nzima inahamia huko: friji, feni, taa, televisheni, tuseme wati 400. Jumla 3,900. Sasa soma kibati cha jenereta yako. Mbele imeandikwa 3.0 kW kwa herufi kubwa; hiyo ni MAX, uwezo wa muda mfupi. Tafuta RATED, uwezo wa kudumu: 2.8 kW. Unaitaka jenereta ya 2,800 ibebe 3,900. Haiwezi, na haina kosa.

Kanuni ninayoitumia ni hii: chukua robo tatu ya uwezo wa kudumu, toa mzigo wa nyumba, zidisha kwa 0.9, kisha gawa kwa volti za betri. Kwa mfano wetu: robo tatu ya 2,800 ni 2,100, toa 400, zinabaki 1,700, mara 0.9 ni 1,530; gawa kwa 53, unapata karibu ampea 29. Inverta nyingi zinapanda kwa hatua za kumi, kwa hiyo anza na 20. Ikitulia nusu saa bila kukoroma, jaribu 30. Kwenye familia ya Voltronic mpangilio huo ni programu namba 11, chaji ya juu kutoka umeme wa nje. Usichanganye na namba 02, ambayo ni jumla ya chaji pamoja na sola. Ukipunguza hiyo unajinyima jua pia. Inverta za Victron zina kikomo cha ampea za kuingia: ukiweka, tuseme, 9 A, inverta yenyewe inapunguza chaji pale mzigo wa nyumba unapopanda. Ni njia bora zaidi kwa jenereta ndogo, na kama inverta yako ina kitu cha namna hiyo, kitumie.

Wanaoishi nyanda za juu waongeze hesabu nyingine. Injini ya petroli hupoteza karibu asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko. Nairobi na Mbeya, kwenye mita 1,700 hivi, hiyo ni karibu asilimia 20. Jenereta ya 2,800 iliyokuwa ikitosha Dar es Salaam, kule ni ya 2,240. Punguza chaji kabla ya kuanza kumlaumu aliyekuuzia.

Chaji ikiwa imeshapunguzwa na tabia ni ileile, fuata mpangilio huu. Kwenye jenereta ya kimya, zima swichi ya ECO: inashusha kasi ya injini kubana mafuta, na chaji inapoingia ghafla injini haiwahi kupanda. Tafuta pampu ya maji, pasi, birika la umeme au hita ya maji iliyowashwa bila wewe kujua. Pampu inapoanza huvuta mara kadhaa ya wati zake. Angalia waya mrefu na mwembamba kati ya jenereta na nyumba. Kisha injini yenyewe: chujio cha hewa lililojaa vumbi, plagi ya injini iliyojaa masizi, na zaidi ya yote kabureta. Petroli iliyokaa kwenye tangi miezi mingi huacha utando wa gundi kwenye tundu dogo la kabureta. Dalili yake ni mlio unaopanda na kushuka wenyewe hata bila mzigo. Jenereta inayopandapanda hivyo haitakubaliwa na inverta yoyote, na kabla kabureta haijasafishwa, mipangilio yote ni kupoteza muda.

Kama inabeba vizuri halafu inazima baada ya nusu saa au saa moja, hilo ni tatizo jingine. Angalia oili kwanza: jenereta nyingi zina kinga inayozima injini oili ikipungua, na jenereta iliyokaa kwenye mteremko hudanganya kinga hiyo hata oili ikiwepo. Izime, iweke sehemu tambarare, pima oili. Mpya hubadilishwa oili baada ya saa 20 za kwanza, kisha kila saa 100. Baada ya oili, kitundu cha hewa kwenye kifuniko cha tangi. Kikiziba, mafuta hayashuki. Usijaze petroli injini ikiwa inawaka au bado ya moto.

Jenereta imenguruma saa tatu, betri haijapanda

Uliza kwanza kama inverta imeruhusiwa kuchaji kwa umeme wa nje. Wafungaji wengi huweka chanzo cha chaji kuwa sola peke yake, ili mteja asilipie TANESCO kujaza betri. Kwa siku za kawaida ni uamuzi mzuri. Kwa siku ya jenereta maana yake nyumba inakula jenereta, betri imesimama palepale. Kwenye Voltronic ni programu 16: OSO ni sola tu, SNU ni sola na umeme wa nje pamoja. Weka SNU jenereta inapotumika, rudisha ukimaliza.

Pili, huenda chaji imepunguzwa mno. Ampea 2 ni chaguo lililopo kwenye inverta nyingi, na kwa ampea 2 betri ya 100 Ah (ampea-saa) haitajaa leo wala kesho. Kwa ampea 20, kutoka asilimia 20 hadi 80 ni saa tatu. Kwa 30 ni saa mbili. Kwa hesabu hizo unajua kabla ya kuwasha kama petroli iliyopo inatosha.

Tatu, betri yenyewe imekataa. Betri ya lithiamu ina ubongo wake, na ikipata joto sana, au seli moja ikitangulia kujaa kabla ya nyingine, inafunga chaji. Chumba kidogo cha mabati mchana wa Dodoma kinatosha kuipandisha joto. Soma ujumbe kwenye skrini ya betri, fungua madirisha, subiri ipoe. Ikikataa ikiwa baridi, ni ya fundi.

Kwa betri za asidi, gel au tubular, kuna jambo ambalo si hitilafu ila linachoma pesa nyingi. Zikifika karibu asilimia 80 hupunguza zenyewe ampea zinazopokea, na ile sehemu ya tano ya mwisho huchukua saa nyingi. Jenereta inabaki ikiwaka kwa mzigo mdogo, inakula petroli na kujaza masizi. Izime pale ampea zinapoanza kuporomoka, jua limalizie. Washa asubuhi, siyo usiku: ukijaza nusu ya kwanza alfajiri, hata jua hafifu la mawingu litaongeza kitu mchana kutwa. Ila betri za asidi lazima zijae kabisa mara kwa mara, kwa hiyo jua likirudi, zipe siku nzima bila kuzibughudhi. Na usizichaji kwa zaidi ya sehemu moja ya tano ya ukubwa wake: betri za 200 Ah zisipite ampea 40.

Lile tundu la volti 12 kwenye jenereta lisikudanganye. Kwa kawaida linatoa kama ampea 8 bila udhibiti wa maana. Linasaidia betri ya gari iliyolala, na ni hatari kwa lithiamu.

Taa zinachezacheza, feni inanguruma

Mara nyingi ni jenereta inayopandapanda, na dawa yake nimeshaitaja: kabureta, chujio, plagi. Ikiwa zinacheza tu friji inapoanza, mzigo umekaribia ukingo. Shusha chaji hatua moja. Ikiwa zinafifia na kung'aa kupita kawaida, baadhi ya vyumba hivi na vingine vile, zima kila kitu mara moja. Hiyo ni dalili ya nyutro, waya wa kurudishia umeme, iliyolegea au kukatika, na dakika chache zinatosha kuunguza televisheni na friji. Usitafute mwenyewe.

Bodi (gamba la nje la kifaa) inapiga shoti, au RCD inaruka kila jenereta ikiunganishwa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mafundi wengi wenyewe hawakubaliani.

Kwenye umeme wa shirika, nyutro imefungwa na ardhi mahali fulani kabla ya kufika kwako. Jenereta nyingi za kubeba hazina kifungo hicho. Nyutro yake inaelea. Ukipima kati ya waya wa moto na ardhi unapata karibu volti 115, na kati ya nyutro na ardhi 115 nyingine, badala ya 230 na karibu 0. Matokeo ni mawili. Baadhi ya inverta zinaonyesha hitilafu ya ardhi na kukataa kuchaji. Na RCD, ile breka yenye kitufe cha TEST, haiwezi kukulinda, kwa sababu umeme unaovuja hauna njia ya kurudi itakayoifanya iruke. Watu hufurahi kwamba "hairuki". Hairuki kwa sababu haifanyi kazi.

Ikiwa badala yake RCD inaruka kila mara, angalia vitu vya kawaida kwanza: chomoa vifaa vyote, rudisha kimoja kimoja, hita ya maji na pampu ndizo zinazovuja zaidi. Ikiruka hata bila kifaa chochote, huenda nyutro na ardhi zimefungwa mahali pawili, kwenye jenereta na tena ndani ya inverta, ambayo baadhi huwa na relei ya kufunga nyutro na ardhi zinapotumia betri.

Kuamua kifungo kimoja kikae wapi ni kazi ya fundi mwenye leseni, aliyesoma kitabu cha inverta yako. Usifunge nyutro na ardhi kwa kipande cha waya ndani ya plagi kwa sababu umeona kwenye video. Na ukigusa bodi ya inverta, jenereta au friji ukahisi msisimko wowote, hata mdogo, zima na usiwashe tena mpaka ipimwe.

Plagi au waya unapata moto

Shika plagi baada ya dakika kumi na tano za kuchaji. Vuguvugu ni sawa. Ikiwa huwezi kuikamatia, zima. Ukiichomoa utaona plastiki imegeuka kahawia kuzunguka pini moja, ile ya waya wa moto, na chuma chake kimepoteza mng'ao. Plagi ya mraba ya ampea 13 haikuumbwa kubeba ampea 13 kwa saa tatu mfululizo, hasa za bei ya chini. Kama jenereta ina soketi ya duara ya bluu ya 16 A au 32 A, itumie hiyo. Waya uwe wa milimita 2.5 za mraba, siyo 1.5, na ukunjuliwe wote: waya uliozungushwa kwenye gurudumu lake unajipika wenyewe katikati. Zanzibar, Tanga, Mombasa na popote chumvi ya bahari inapofika, soketi za jenereta huota kutu ya kijani ndani. Zikague kila masika yakiisha.

Injini inaunguruma, umeme hakuna kabisa

Breka ya jenereta kwanza. Kisha swichi ya volti, kama ina 115 na 230. Baada ya hapo inabaki kidhibiti volti kilichoungua, brashi zilizokwisha, au sumaku iliyopotea kwa kukaa muda mrefu bila kuwashwa. Zote ni za fundi wa jenereta. Mbinu ya kugusisha betri ya gari kwenye waya za brashi ili kurudisha sumaku usiijaribu nyumbani.

Jua linapotoka, jenereta inapaa

Mlio wa injini unapanda ghafla, volti kwenye skrini zinakwenda 250, 260. Hii ndiyo dalili ninayoomba usiipuuze. Maana yake sola inasukuma umeme kurudi kwenye jenereta. Hutokea pale inverta iliyoruhusiwa kurudisha umeme gridi imeunganishwa na jenereta kwenye mlango uleule wa TANESCO, au pale kuna inverta ndogo za paneli zisizo na betri upande huohuo. Jenereta haina mahali pa kupeleka umeme huo. Injini inasukumwa na kuzunguka zaidi, kidhibiti kinaungua, na vifaa vya nyumbani vinafuata.

Zima breka ya paneli kwanza, kisha tenganisha jenereta, kisha uizime. Usiiunganishe tena mpaka fundi wa sola azuie urudishaji au aihamishie mlango wa GEN.

Acha, mwite fundi

Simama hapo ulipo ukiona: harufu ya kuungua kwenye inverta au chenjiova, betri iliyovimba, inayofuka au kutoa mlio wa mvuke, breka inayoruka mara mbili bila sababu unayoiona, shoti kwenye bodi yoyote, volti zaidi ya 255 kutoka kwenye jenereta, au kama huna chenjiova kabisa na unabadilisha nyaya kwa mkono. Betri ikianza kufuka, toka na watu wote, usiimwagie maji, piga simu Zimamoto, 114 kwa Tanzania.

Tanzania Bara, fundi wa umeme anapaswa kuwa na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati. Kenya, EPRA, mamlaka ya namna hiyohiyo, hutoa leseni kwa mafundi umeme na, kwa daraja zake, mafundi wa sola. Omba uione. Fundi jenereta wa mtaani anaweza kuwa hodari sana wa kabureta na asijue nyutro ya inverta inakaa wapi, kwa hiyo mpe kila mmoja kazi yake.

Kabla hajaja, piga picha kibati cha jenereta, kibati cha inverta, lebo ya betri na namba ya hitilafu kwenye skrini kabla haijafutika. Andika volti na hezi ulizopima bila mzigo, na tena zikiwa na mzigo, pamoja na ampea za chaji zilizokuwa zimepangwa. Akipata hizo kwa simu, atajua mapema kama aje na kabureta, na waya wa 2.5, au na mtu wa sola.